Watoto wa Malkia Waliogeuzwa Majira

Hii ni hotuba niliyoitoa Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wa ufinyanzi na uchongaji pamoja na walimu wao. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimepunguza tu yale niliyoyarudia mara mbili.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wageni, na ninyi vijana ambao wengine mmekuja na udongo bado uko kwenye kucha, karibuni tukae.

Mezani hapa nimeweka vitu viwili. Kimoja ni simbi, hii kauri ya baharini ambayo kila mtoto wa pwani amewahi kuichezea. Cha pili ni kalibu ya plasta ya vipande vitatu. Nimeitengeneza mwenyewe, na ndani yake mna umbo la mguu wa mtoto mchanga. Mguu nitaurudia mwishoni. Nianze na simbi.

Mswahili akisema kauri, pengine anamaanisha huyu mdudu wa baharini mwenye mgongo unaong'aa, na pengine anamaanisha kikombe cheupe kilichofungiwa kabatini kwa bibi, kile kinachotolewa siku ya mgeni tu. Neno moja, vitu viwili. Waitaliano wa zamani nao walikuwa na neno porcellana, lililokuwa jina la simbi kabla ya kuwa jina la vyombo vya Kichina, na kutoka kwao likaenea Ulaya nzima. Huku na huko watu walikiangalia chombo cheupe kilichotoka mbali, wakakiona kinafanana na gamba la baharini, wakakiita hivyo.

Na sisi tumekaa na kauri muda mrefu. Nendeni Kunduchi, pale magofuni, mkaangalie nguzo za makaburi. Mtaona mashimo ya duara yaliyopachikwa mabakuli ya Kichina. Wazee wetu walichukua kitu kizuri kuliko vyote nyumbani wakakiweka juu ya mpendwa aliyekufa. Leo nataka kuwaambia juu ya watu wengine, wa nchi nyingine, waliotumia kauri kushika kitu kinachotoroka vilevile, yaani utoto wa watoto wao.

Katikati ya miaka ya 1840 Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa na watoto wanne. Mkubwa, binti aliyeitwa Victoria kama mama yake, alizaliwa mwaka 1840. Akafuata Albert Edward mwaka 1841, Alice mwaka 1843, na Alfred mwaka 1844. Watoto wanne ndani ya miaka minne. Malkia na mumewe, Prince Albert, waliagiza wachongwe kwa marumaru, na wakachagua wachongwe kama majira manne ya mwaka. Alice akawa machipuko. Victoria akawa kiangazi. Alfred akawa mapukutiko, na Albert Edward, mrithi wa kiti, akawa majira ya baridi. Sanamu hizo ziko Osborne, nyumba ya familia katika kisiwa cha Wight. Baadaye viwanda vya kauri vya Staffordshire, Uingereza, vikatoa nakala ndogo za kauri nyeupe isiyopakwa rangi, za kuweka sebuleni kwa mtu yeyote mwenye pesa ya kununua.

Familia ilipoongezeka, mafumbo nayo yaliongezeka. Helena akachongwa kama Amani, Louise kama Neema, Arthur kama mwindaji, Leopold kama kijana mvuvi. Na kitinda mimba, Beatrice, aliyezaliwa mwaka 1857, akachongwa mwaka uliofuata akiwa amelala ndani ya kombe la baharini. Mtoto ndani ya kombe! Kwetu sisi wenye neno kauri, sanamu hiyo haihitaji mkalimani.

Sasa, fumbo ni nini? Sisi si wageni wa mafumbo. Mama akimwita binti yake asumini, hakuna anayeuliza majani yako wapi. Taarabu inaishi kwa ua, kwa njiwa, kwa lulu na kwa jahazi lililokosa nahodha. Wachongaji wa Ulaya nao walikuwa na mafumbo yao, ila ya kwao yalivaa mwili wa mtu. Mwanamke mwenye mizani ni Haki. Mwenye tawi la mzeituni ni Amani. Mwenye pembe iliyofurika matunda ni Neema. Maua yalikuwa ya machipuko, mundu na mganda wa ngano vya kiangazi, zabibu za mapukutiko, na ngozi zenye manyoya za baridi. Mtu wa kule aliitazama sanamu akaijua mara moja, kama nyinyi mnavyoijua kanga kwa jina lake kabla hata hamjaifunua.

Lakini fumbo la mwili lina hatari yake, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kiwanda cha Meissen huko Saxony, Ujerumani, kilichoanza mwaka 1710 na kuwa cha kwanza Ulaya kutengeneza kauri ngumu kama ya Wachina, kilitoa sanamu za mabara manne kwa sura za watu. Fundi wake mkubwa, Johann Joachim Kändler, alimvika Afrika kichwa cha tembo mahali pa kilemba. Kazi ya mkono ni ya hali ya juu, nami siwezi kuidharau. Ila yule mtu aliyevikwa tembo hatoki kijiji chochote. Hana mama. Hana kovu la goti alilolipata akikimbia. Fumbo limemmeza, limebaki fumbo peke yake.

Ndiyo maana nimewachagua watoto hawa wa Malkia. Ukiziangalia sanamu zao, fumbo limeshindwa kuwameza. Maua yapo, vazi la kale lipo, lakini chini ya vazi kuna tumbo la mtoto aliyetoka kula. Kuna shavu. Kuna kile kiwiko chenye kibonyeo ambacho watu wazima hawana. Mimi nasema kilichowaokoa watoto hawa wasigeuke alama tupu ni mkono wa aliyewachonga, na aliyewachonga alikuwa mama mwenye watoto wadogo nyumbani kwake.

Aliitwa Mary Thornycroft. Baba yake, John Francis, alikuwa mchongaji, na binti alijifunza kazi akiwa bado mdogo katika karakana ya baba. Mwaka 1840 aliolewa na Thomas Thornycroft, kijana aliyekuja kujifunza kwa baba yake. Mwaka 1842 wakaenda Roma, mji ambao wachongaji wa wakati ule waliuendea kama maji yanavyoiendea bahari. Huko mchongaji John Gibson akaiona kazi ya Mary. Malkia alipomuuliza Gibson nani anafaa kuwachonga watoto wake, akamtaja huyu mwanamke.

Mtoto wao John Isaac alizaliwa hukohuko Roma mwaka 1843. Linganisheni mwaka huo na miaka ya watoto wa Malkia niliyoitaja sasa hivi. Mary alipokuwa anakaa mbele ya Alice na Alfred, akijaribu kukamata umbo la bega la mtoto asiyetulia, nyumbani alikuwa na wa kwake wa umri uleule. Alijua mtoto wa miaka miwili anasimama vipi, tumbo mbele, uzito wote kwenye visigino. Mambo hayo hayafundishwi kwa kunakili sanamu za Wagiriki. Yanajulikana kwa kuogesha mtoto.

Akina mama wafinyanzi wa Kikisi, kule kwenye ukingo wa Ziwa Nyasa, wanajua hili bila mimi kuwaambia. Mwanamke anafinyanga chungu na mtoto yuko palepale, anavuta udongo, analia, analala. Watu husema mtoto anazuia kazi. Katika habari ya Mary, naona mtoto aliingia ndani ya kazi. Aliendelea kuchonga alipokuwa na watoto wengi, na nyumba yake ikajaa wasanii. Mwanawe Hamo akawa mmoja wa wachongaji wakubwa wa Uingereza, na mabinti zake watatu wakashika sanaa pia.

Osborne kuna kitu kingine ambacho watu wengi wanakipita haraka. Kuna mikono na miguu ya watoto hawa walipokuwa wachanga, imechongwa kwa marumaru, imelazwa juu ya mito ya mahameli. Wapo wanaoona inatisha, viungo bila mwili. Mimi sioni hivyo. Mzazi yeyote amewahi kuushika mguu wa mtoto wake aliyelala akautazama kidole kwa kidole. Malkia alikuwa na uwezo wa kumwambia mchongaji autazame kwa niaba yake, na auache ukae.

Tuje kwenye kauri yenyewe, maana nyie ni watu wa udongo.

Marumaru ni ya tajiri. Sanamu moja ni kazi ya miezi, na mteja ni mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 mafundi wa Stoke-on-Trent, mji wa viwanda vya kauri hukohuko Staffordshire, walipata udongo mpya unaofanana na marumaru. Kiwanda cha Copeland kiliuita kauri ya sanamu. Kiwanda cha Minton kikauita pariani, kutokana na Paros, kisiwa cha Ugiriki kilichosifika kwa marumaru yake nyeupe tangu kale, na jina hilo ndilo lililobaki. Mchanganyiko wenyewe ni kaolini, ule udongo mweupe, na felspa, jiwe linaloyeyuka motoni. Felspa ikiwa nyingi, udongo unaiva katika joto la chini kidogo na kutoka na mng'ao wake wenyewe, laini kama ngozi, bila kupakwa utando wa kioo juu yake. Kaolini yao ilitoka Cornwall. Ya kwetu iko Pugu, hapa karibu, safari ya daladala. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema ili mjue kwamba ninachoeleza kimelala chini ya miguu yenu.

Kazi ilikwenda hivi. Kwanza sanamu ya mchongaji inapunguzwa. Kulikuwa na mashine iliyopewa hataza mwaka 1844, ya Benjamin Cheverton, yenye kijiti kinachopapasa sanamu kubwa huku upande wa pili ncha ikichonga umbo lilelile kwa udogo. Sanamu ndogo ikipatikana, inakatwa vipande: kichwa, mikono, kiwiliwili, miguu, hata ua peke yake. Kila kipande kinatengenezewa kalibu ya plasta. Udongo unakorogwa na maji hadi unakuwa kama uji mzito wa mtoto, unamiminwa kwenye kalibu. Plasta ina kiu. Inanyonya maji, na ganda la udongo linajijenga pembeni. Ukisubiri dakika chache unamwaga uji uliobaki katikati, na ndani linabaki ganda jembamba, tupu. Likikauka kidogo linajitenga na kalibu lenyewe.

Halafu anakuja fundi wa kuunganisha. Anapaka uji uleule kwenye bega na kwenye mkono, anabana, anakwangua mstari wa muungo kwa kisu chembamba. Hapo ndipo mtoto anapozaliwa au anapoharibika. Mkono ukikaa nyuzi chache nje ya mahali pake, yule aliyekuwa anatoa ua ataonekana anajikinga asipigwe.

Na kisha moto. Pariani inasinyaa tanurini karibu robo nzima ya kimo chake. Fikirieni sanamu ya mtoto aliyenyoosha mkono, inapungua robo, na ikifikia joto lake la juu inalainika kama nta. Mkono ule utaanguka. Kwa hiyo mafundi walitengeneza magongo ya kuegemeza, na magongo hayo ilibidi yawe ya udongo uleule usiochomwa bado, ili yasinyae pamoja na mtoto kwa mwendo mmoja. Ukiweka gongo la udongo mwingine, moja litapungua na jingine litagoma, na sanamu itapasuka.

Niliwahi kuupata msiba huo. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miezi saba nilijaribu kutoa kichwa chake kwa udongo wa kumimina. Nilikiegemeza kwa kipande cha tofali nilichokiokota pembeni ya tanuri, kwa haraka tu. Kilipotoka, shavu moja lilikuwa limeshikwa na tofali na jingine limeteremka. Alionekana mzee mgonjwa. Nilikifunika kwa kitambaa, na mke wangu hadi leo hajakiona. Tangu siku hiyo, nikiona sanamu ya pariani yenye mkono ulionyooka sawasawa, najua palikuwa na mtu aliyelitengeneza gongo kwa subira ileile aliyoutengenezea mkono, akijua gongo litavunjwa na kutupwa.

Mtu huyo jina lake halipo kwenye sanamu. Chini ya kitako mara nyingi utakuta alama ya kiwanda, na pengine jina la mchongaji. Na kuna wengine ambao hawapo kabisa, nao lazima niwataje, kwa sababu nao walikuwa watoto.

Miaka ileile watoto wa Malkia walipokuwa wanavalishwa maua, karakana za sahani huko Stoke zilikuwa na wavulana wa kukimbiza kalibu. Fundi akimaliza sahani moja juu ya kalibu yake, mvulana anaichukua, anakimbia nayo hadi chumba cha kukaushia chenye jiko linalowaka, anaipanga kwenye rafu, anarudi mbio na kalibu tupu. Toka joto, ingia baridi, siku nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 mkaguzi wa serikali, Samuel Scriven, alizunguka viwanda vile akaandika maneno ya watoto wenyewe. Sheria ya viwanda iliyowagusa watoto wa kazi hii ilikuja mwaka 1864. Kwa hiyo kati ya ripoti na sheria, kizazi kizima cha wakimbizaji kalibu kilikuwa kimeshakua.

Nasimama hapa kidogo, maana jambo hili linaniuma. Mji mmoja, udongo wa aina moja, miaka ileile. Mtoto mmoja anageuzwa majira ya kiangazi na kuwekwa mezani kwa watu. Mwingine anaibeba kalibu mgongo umepinda. Sisemi Mary Thornycroft ana hatia ya hilo, wala wale watoto wanne. Nasema mchongaji akimtazama mtoto kwa jicho lile la Mary, lenye kujua uzito uko kwenye visigino, basi angeweza kumtazama na yule wa pili. Hakuna aliyemwagiza. Hakuna aliyelipa.

Na watoto wa majira waliishia wapi? Tarehe 10 Februari 1854, siku ya kumbukumbu ya ndoa ya wazazi wao, waliigiza majira yaleyale wenyewe kwenye kasri la Windsor, wamevaa mavazi ya fumbo, na Roger Fenton akawapiga picha. Alice bado machipuko. Albert Edward bado baridi. Walikuwa wamekua kuipita sanamu, lakini fumbo lilikuwa halijawaachia.

Maisha hayakufuata fumbo. Alice, machipuko, alikufa mwaka 1878 akiwa na miaka 35, kwa ugonjwa wa dondakoo, tarehe 14 Desemba, tarehe ileile aliyokufa baba yake miaka 17 kabla. Alfred wa mapukutiko alikwenda baharini akiwa na miaka 14, na mwaka 1860 akafika Cape Town kumwaga mawe ya kwanza ya ukuta wa bandari. Jina lake bado liko pale ufukweni. Albert Edward, aliyelemewa na walimu na ratiba tangu utotoni, alisubiri kiti hadi mwaka 1901. Akatawala miaka tisa.

Na Victoria, kiangazi? Aliolewa Prussia, dola la Kijerumani, mwaka 1858 akiwa na miaka 17. Mwezi Januari 1859 alijifungua mtoto wa kwanza kwa uchungu mkali, na mtoto akaumia mkono wa kushoto ambao haukupona maisha yake yote. Mwanamke ambaye viungo vya wachanga wa nyumbani kwao vimelazwa Osborne juu ya mahameli, kila kidole kimekamilika, akapata mtoto ambaye mkono wake walijaribu kuunyoosha kwa mashine na kwa umeme. Mtoto huyo ni Wilhelm, yule Kaisari wa Ujerumani ambaye babu zetu walitawaliwa kwa jina lake.

Mmeona sasa kwa nini habari hii si ya mbali. Wengi wenu mmesikia kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa. Ni ngano tu. Mpaka ulipangwa na serikali mbili, ya Uingereza na ya Ujerumani, mwaka 1886, na Wilhelm alikuwa bado hajawa Kaisari. Lakini kiungo cha kweli kipo, na kinashangaza kuliko ngano.

Yule mtoto wa Mary aliyezaliwa Roma, John Isaac Thornycroft, hakushika patasi ya mama. Akapenda mashine, akaanzisha kampuni ya kuunda meli, akawa bingwa wa boti za kasi. Mwaka 1915, Waingereza walipokuwa wanapigana na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, boti mbili za kampuni hiyo, za urefu wa futi 40, zilipakiwa melini hadi Cape Town, zikapanda reli hadi Kongo, zikavutwa msituni na mlimani kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe na mikono ya Wakongo waliokata njia na kujenga madaraja, hadi zikatiwa Ziwa Tanganyika. Moja iliitwa Toutou. Nyingine iliitwa Mimi. Ni neno la Kifaransa la kumwita paka, lakini jaribuni kufikiria mvuvi wa Kigoma anaambiwa ile boti inaitwa Mimi.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo zikaiteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani, jina la mto wetu wa Ruvu kule unakoingia baharini karibu na Bagamoyo. Mwezi Februari 1916 Mimi ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann. Ile kubwa kuliko zote, Graf von Goetzen, Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Baadaye ikaibuliwa, nanyi mnaijua kwa jina la Liemba.

Tazameni mpangilio wa watu. Mfalme wa Uingereza mwaka ule alikuwa George wa Tano, mtoto wa yule aliyechongwa kama baridi. Kaisari wa Ujerumani alikuwa mtoto wa yule aliyechongwa kama kiangazi. Na boti ziliundwa na kampuni ya mtoto wa aliyewachonga wote wawili. Ndugu wa damu walipigania ziwa letu, na waliokata njia na kuzivuta boti hizo hawakuchongwa na mtu.

Nawaambia haya bila kutaka muichukie sanamu. Nimeitazama kwa miaka mingi, naipenda. Alice wa marumaru hakufanya lolote. Ana miaka miwili mitatu, na mtu aliyejua watoto alimtazama kwa makini. Nataka tu muijue yote, pamoja na kilichokuwa nyuma yake na kilichokuja baada yake.

Bado mmoja. Louise, yule aliyechongwa kama Neema. Alikaa mbele ya Mary Thornycroft akiwa mtoto, akatazama mikono ile ikifanya kazi, na alipokua akaomba afundishwe. Mary akamfundisha. Binti wa Malkia akashika udongo, na baadaye patasi, wakati ambao watu waliona si kazi ya mwanamke wa daraja lake. Sanamu ya Malkia Victoria iliyoko bustani ya Kensington mjini London, iliyowekwa mwaka 1893, imechongwa na Louise. Mtoto aliyegeuzwa fumbo na mama yake ndiye aliyekuja kumchonga mama, amekaa kwenye kiti chake, kijana, na taji kichwani.

Sasa kuhusu mguu. Kalibu hii ni ya mguu wa kushoto wa binti yangu wa pili, aliyezaliwa mwaka huu. Nilisubiri alale. Nilifinyanga kwa kutazama, sikumpaka plasta, msije mkaenda kuwapaka watoto plasta, inaunguza. Niliukosea mara tatu. Wa kwanza ulikuwa mguu wa mtu mzima uliopunguzwa. Wa pili ulikuwa mzuri lakini haukuwa wake. Wa tatu niliacha kutazama udongo nikamtazama yeye tu, na nikaona kwamba kidole chake kidogo kinajificha chini ya jirani yake, kama cha mama yangu.

Nimekuja na uji wa kaolini kwenye ndoo, umechujwa mara mbili. Gongo la kuegemeza kisigino nalo nimelifinyanga kwa kaolini hiyohiyo. Tutamimina hapa sasa hivi, na wakati plasta inakunywa maji nitajibu maswali. Njooni karibu, wadogo mbele. Kalibu ikipita kwako, ishike kwa mikono miwili.